Kula kwa Kulwa

Bariadi,
12 Januari 2024

Kwa shangazi yangu, Mwalimu Milembe,

Shikamoo. Mwangaluka huko kwenye baridi ya Makambako, na Nancy unayekaa naye umsalimie, mwambie viazi alivyotutumia Krismasi vilifika vizima isipokuwa vile ambavyo kondakta alikula.

Huku mhola, salama. Mvua imenyesha vizuri, pamba imeshika, na wale waliosema mwaka huu hawalimi wote wamelima. Mke wangu Benedikta hajambo, amepitia barua hii kama kawaida kabla sijaifunga, kwa hiyo ukiona herufi zimekaa sawasawa ujue si mimi. Pacha wangu Doto bado anauza pembejeo Kasoli, na bado anawaambia wateja kwamba mimi nilitangulia kuzaliwa kwa sababu yeye alinisukuma. Karakana inakwenda. Mwezi uliopita nilichomelea mageti sita, na matano yanafungika.

Sasa jambo lenyewe. Diwani wetu amejiuzulu, amepata nafasi nyingine ya kututumikia akiwa mbali zaidi. Kutakuwa na uchaguzi mdogo, nami nimechukua fomu ya chama. Usicheke kabla hujamaliza kusoma. Nina vipaumbele saba, nimeviandaa na Imrani, yule mwenye duka la simenti, ambaye ndiye meneja wangu wa kampeni. Cha kwanza ni taa za rangi pale njia panda. Cha pili, sanamu ya ng'ombe stendi, ili mgeni akishuka ajue amefika kwa nani. Cha tatu, jezi kwa timu zote za bodaboda. Cha nne, intaneti ya bure sokoni. Cha tano, ofisi ya diwani yenye kiyoyozi, ili mwananchi atoe malalamiko yake akiwa ametulia. Cha sita, ziara ya mafunzo ya viongozi wa kata kwenda Zanzibar. Cha saba, maendeleo kwa ujumla.

Nusu ya kata hii umeifundisha wewe. Ninachoomba ni barua fupi ya kuniunga mkono, niisome mkutanoni. Mistari mitano inatosha.

Mwanao,
Kulwa Mahona


Makambako,
25 Januari 2024

Kulwa,

Marahaba. Kondakta aliyeleta barua yako aliikalia siku nne, nimeona alama ya mafuta ya chipsi kwenye bahasha. Hapa baridi ni ya kulala na soksi juu ya soksi. Goti la kushoto linauma, la kulia linaonea wivu. Nancy hajambo, anasema viazi alivyokula kondakta atavidai. Najua una namba yake ya simu. Usiitumie kwa mambo yangu. Simu ya Nancy ni ya Nancy, na jambo la maana huandikwa, likae mahali mtu akija kulikana umwonyeshe.

Nimesoma vipaumbele vyako nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Miaka thelathini na nne ya chaki, mkono haustaafu. Kwanza nikukumbushe neno lenyewe. Kipaumbele ni kitu kinachopewa mbele. Vitu saba vikipewa mbele vyote kwa pamoja, hiyo ni foleni ya benki siku ya mishahara. Taa za rangi nimekupa mbili kwa kumi, kwa sababu angalau zitaonyesha mashimo usiku. Sanamu ya ng'ombe stendi, sifuri: pale stendi ng'ombe wazima wanapita kila siku bila kulipwa na halmashauri. Jezi, moja. Intaneti, nne, na tatu kati ya hizo ni za kuiandika bila kosa, ambazo ni za Benedikta. Kiyoyozi, sifuri. Zanzibar nimeipa tisa, nimeona umeiandika kwa moyo. Maendeleo kwa ujumla sikusahihisha, kwa sababu mwanafunzi aliyeandika "na kadhalika" hajajibu swali.

Halafu nina swali dogo. Mto Ndoba upo bado, au nao umejiuzulu ukapata nafasi nyingine? Nilipoondoka ulikuwa unaikata kata yenu vipande viwili kila masika, mji upande huu, shule na kaya za ng'ambo upande ule. Katika saba zako sijauona. Sina sababu ya kuuliza, nauliza tu.

Barua ya kukuunga mkono nitaandika nikiona kitu cha kuunga.

Shangazi yako,
Milembe Luhaga


Bariadi,
9 Februari 2024

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa magoti yote mawili. Huku tunaendelea. Mtoto wetu wa mwisho ameota meno na ameyajaribu kwenye mkono wa Imrani. Mama yake Benedikta anaumwa huko Ipililo, kesho asubuhi Benedikta anakwenda kumuuguza. Ameipitia barua hii huku anafunga mzigo, kwa hiyo pakiwa na kosa ni la haraka.

Nakujulisha kwamba nimeshinda kura za maoni ndani ya chama na nimeteuliwa. Mpinzani wangu mkubwa wa chama kingine ni Josia, yule wa mashine ya kukoboa, ambaye kipaumbele chake ni kwamba yeye si mimi. Maoni yako nimeyafanyia kazi. Vipaumbele sasa ni vinne. Zanzibar nimeibakiza kwa kuwa uliipa alama nzuri.

Kuhusu Ndoba, upo, haujajiuzulu. Ila shangazi, tuongee kama watu wazima. Ng'ambo ni kaya tisini na kitu, na ukisimama kwenye lami huzioni. Imrani anasema kivuko hakipigiki picha, na diwani anayeahidi kitu kisichoonekana barabarani anaahidi hewa. Mimi mwenyewe nimezaliwa ng'ambo, naujua ule mto, na ningependa tusiuongelee sana.

Jambo la furaha: kesho naagiza mabango Mwanza. Imrani anafuata simenti huko Shinyanga na Benedikta hayupo, kwa hiyo maneno nitayatuma mwenyewe kwa simu. Ni maneno matatu tu. Hakuna cha kukosea.

Kulwa


Bariadi,
2 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, labda kondakta analisoma. Mama Ipililo amepata nafuu na Benedikta amerudi. Amerudi akakuta moshi unatoka uani kwake na watu sitini wamekaa kwenye mabomba yangu ya geti.

Nitaanza mwanzo. Mabango yalikuja ishirini, makubwa, rangi safi, na picha yangu nimevaa koti. Niliyatundika yote siku hiyohiyo kwa mikono yangu, kuanzia njia panda hadi mnadani. Nilifurahi sana. Nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba kura wampe Kulwa. Bango linasema hivi:

KULA KWA KULWA

Chini yake kuna namba yangu ya simu na jina la mtaa. Mchapaji, kwa kutaka kunisaidia, aliona ni mgahawa mpya, akaongeza sahani ya ubwabwa na paja la kuku pembeni ya uso wangu. Aliniambia hiyo hakutoza.

Siku ya kwanza walikuja wanane. Mmoja aliuliza kama kuku ni wa kienyeji. Shangazi, wewe ni Msukuma, niambie ungefanya nini. Mtu ametoka kwake saa sita mchana na njaa yake, amefika, ameamkia, amekaa. Huwezi kumwambia arudi kwa sababu ya herufi. Nilisonga ugali mwenyewe, tukala na dagaa. Siku ya mnada walifika mia na arobaini, wengine wamekuja na sahani zao. Kwa siku tatu nilipika. Mahindi yangu ya mwaka mzima yamebaki gunia moja na nusu. Imrani aliporudi na simenti yake alisimama chini ya bango dakika nzima, kisha akakaa chini.

Sasa Josia amepeleka malalamiko kwenye kamati ya maadili ya uchaguzi ya kata. Anasema nagawa chakula kununua kura, na kwamba herufi niliikosea makusudi ili nikikamatwa nijifanye sijui. Anasema mtu wa miaka thelathini na minane hawezi kushindwa kutofautisha herufi mbili. Kikao ni Jumamosi tarehe 16, siku nne kabla ya kupiga kura. Wakiamini ni makusudi, kampeni yangu imekwisha, na mimi nitabaki yule aliyewahonga watu dagaa.

Mtu mmoja tu duniani anaweza kuthibitisha kwamba sijui L na R. Ni wewe, mwalimu wangu wa darasa la pili mkondo A. Naomba tamko lako kwa maandishi. Sema tu kwamba ulinifundisha na haikuingia, kwamba kichwa changu ni kizito. Sitaona aibu, mabango yameshamaliza aibu yote.

Kulwa


Makambako,
6 Machi 2024

Kulwa,

Marahaba. Bango lako lilifika Makambako kabla ya barua yako. Nancy alionyeshwa kwenye simu na mteja wa viazi, akaja nalo jikoni anacheka mpaka akashika ukuta. Aliponiuliza kama namjua huyo mwenye mgahawa, nilimwambia namjua kwa mbali.

Unajua watu wa Bariadi walikuwa wananiitaje? Mwalimu wa R. Mkaguzi alikuja kutoka Shinyanga, enzi hizo tuko mkoa mmoja, akasimama nyuma ya darasa langu na kusikia watoto wa Kisukuma wanasema "redio" na "reli" bila kuteleza. Nilipewa cheti. Kiko ukutani hapa, juu ya kitanda. Sasa nithibitishe kwa sahihi yangu kwamba mtoto wa kaka yangu mwenyewe, niliyemlea kwenye nyumba yangu ya mjini tangu darasa la nne, ameshindwa na herufi moja na kulisha mnada mzima?

Somo la L na R lilifundishwa. Darasa la pili, Machi 1995. Azimio langu la kazi la mwaka huo ninalo hapa kwenye sanduku la bati, na kwenye safu ya maoni imeandikwa kwa mkono wangu: "Somo limefundishwa na wanafunzi wameelewa." Wanafunzi wameelewa, Kulwa. Kama wewe ulikuwa umelala, kama nilivyowaambia watu siku zote, hilo si la kamati wala la mwalimu. Na usiniambie habari ya kichwa kizito. Doto alikuwa kwenye tumbo hilohilo, akasoma shule hiyohiyo mwaka huohuo, na leo anatamka R utadhani pikipiki.

Tamko siandiki. Waambie ukweli kwamba ulikuwa mvivu.

Shangazi yako,
Milembe


Bariadi
9 Machi

Shangazi Mirembe

Shikamoo. Balua hii naandika mwenyewe. Benedikta yuko kwa mama yake tena, hajaipitia mtu. Utanisamehe.

Sisi wote sarama. Doto anakusarimia.

Usiandike ire tamko. Nimemwambia Imlani tusikusumbue tena, wewe ni mtu mzima na cheti chako kikae ukutani. Kamati nitawaambia nirikuwa nalala dalasani.

Jana nirienda ng'ambo kuomba kura. Hiyo kura nimeangaria kwenye kamusi. Ndoba umejaa, nirivuka kwa kamba, maji kifuani. Nirikuwa sijafika kule miaka mingi. Nikapita shuleni. Dalasa la piri wamekaa kimya kabisa, vitabu wamefunga. Nikauliza mwarimu yuko wapi. Wakasema Mwarimu Thomasi anakaa upande wa mjini, mto umemzuia, leo siku ya tisa. Nikauliza sasa mnafanya nini hapa. Mmoja akasema tunamsubili.

Nirikaa nao kidogo dawati la nyuma karibu na dilisha. Pale nirikuwa nakaa mimi.

Sisi turisubili siku kumi na moja. Nirikuwa naweka jiwe moja kila siku chini ya dawati. Mkondo wa Doto wao warikuwa na Mwarimu Constantine, yeye nyumba yake irikuwa hapohapo shuleni, wao warisoma, sisi turikuwa tunawasikia kupitia ukuta. Sikuwahi kumwambia mtu. Hata siku uriponichapa kwa kusoma vibaya sikusema, kwa sababu urikuwa umefika na nirifurahi umefika.

Sikuandikii hivi ili uumie. Wewe ndiye uriyeninunuria karamu yangu ya kwanza.

Vipaumbere vyote nimefuta. Nimebakiza kimoja.

Kurwa


Makambako,
12 Machi 2024

Kulwa, ng'wanone, mwanangu,

Marahaba. Barua hii anaileta Nancy mwenyewe, anapanda basi alfajiri, kwa sababu makondakta nimewachoka na Jumamosi haisubiri mtu. Mpe mahali pa kulala na usimpikie dagaa.

Barua yako niliisoma na kalamu nyekundu mkononi. Nilihesabu makosa mpaka pale ulipofika shuleni, halafu nikaiweka kalamu chini. Umeandika kwamba nilikununulia karamu ya kwanza. Nimeiacha hivyohivyo.

Unajua, basi. Umejua siku zote. Miaka ishirini na tisa nimekaa naogopa mkaguzi, na mkaguzi alikuwa anakula ugali mezani kwangu, ananiambia shikamoo kila asubuhi.

Tamko liko ndani ya bahasha ya kaki, wapelekee lilivyo. Nimelinakili hapa chini ili wewe na mimi tuwe na nakala, maana nimekwisha kukwambia kwa nini watu huandika.

"Mimi, Milembe Luhaga, mwalimu mstaafu, nathibitisha kwamba Kulwa Mahona hajui tofauti ya L na R kwa sababu hakufundishwa. Somo hilo lilikuwa langu, darasa la pili mkondo A, Machi 1995. Nilikuwa nakaa upande wa mjini, mto Ndoba ulijaa, na kwa siku kumi na moja za shule sikuvuka. Ulipopungua nilisikia kwamba mkaguzi anakuja Ijumaa. Niliketi jioni moja nikajaza azimio la kazi la siku zote kumi na moja, na mbele ya kila somo nikaandika kwamba limefundishwa na wanafunzi wameelewa. Mkaguzi alipofika nilimwekea mbele mkondo B wa Mwalimu Constantine, nikasema ni wangu. Cheti nilichopewa ni cha Mwalimu Constantine. Kulwa hakulala darasani. Alikuwepo kila siku. Aliyekuwa hayupo ni mimi. Kisha nilimchapa kwa kutojua nisichomfundisha, na nikawaambia watu kwamba ni mvivu, na watu waliniamini kwa kuwa mimi ni mwalimu. Bango limeandikwa na yeye, lakini kosa ni langu. Sahihi: M. Luhaga."

Nimeona aibu kuandika haya, na nimeona aibu zaidi kuona ni mistari michache hivyo. Leo ungeniomba mitano ile ya kukuunga mkono ningekupa kurasa mbili.

Nakuomba msamaha, mwanangu. Kwa fimbo, na kwa jina la uvivu nililokuvika.

Cheti nimekitoa ukutani. Pamebaki alama ya mraba, Nancy anasema tupake rangi.

Milembe


Bariadi,
5 Mei 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya karibu miezi miwili, na Nancy atakuwa amekupa matokeo. Lakini umesema jambo la maana huandikwa, na mimi nilikuwa na kazi ya mikono. Benedikta amepitia barua hii, akalia alipofika katikati, halafu akasahihisha.

Msamaha ulikwishapata siku ile uliyovuka mto. Tusirudie.

Kikao cha kamati kilikuwa hivi. Mwenyekiti ni Masalu, yule fundi saa wa zamani. Alifungua bahasha yako, akavaa miwani, akasoma kwa sauti mbele ya Josia na mashahidi: "Kulwa Mahona hajui tofauti ya L na L." Akarudia taratibu: "Tofauti ya L na L." Watu wakatazamana. Akasogeza miwani, akasoma mpaka mwisho bila kuinua uso, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama ni ule mkondo A wa shule ya ng'ambo. Shangazi, na yeye alikuwemo. Alikaa dawati la mbele. Kamati ilinipa onyo, ikaamuru mabango yashushwe na jiko lizimwe mpaka baada ya uchaguzi, na kesi ikafutwa. Josia alisema atakata rufaa, lakini alisema akiwa anatafuta mlango.

Siku nne zilizobaki nilifanya kampeni kwa kipaumbele kimoja. Imrani alinung'unika kwamba hotuba yangu inakwisha kabla spika hazijapata moto. Nilisema tu: nitaweka kivuko Ndoba, mimi ni fundi wa kuchomelea, najua kitakavyokuwa. Ng'ambo walishangilia. Walisema kura zao zote ni zangu, na niliwaamini.

Unakumbuka watu wa ng'ambo wanapigia kura wapi? Upande huu, ofisi ya mtendaji. Walioandikishwa ni mia mbili na nne. Usiku wa kuamkia Jumatano ilinyesha mpaka asubuhi. Walifanikiwa kuvuka thelathini na saba. Wengine walisimama ukingoni na vitambulisho vyao mifukoni, tukawa tunapungiana mikono. Josia kapata kura 611, mimi 592. Nimeshindwa kwa kura kumi na tisa, na mto ambao nilitaka tusiuongelee sana.

Nilikasirika, nakuambia ukweli. Wiki nzima sikufungua karakana. Halafu asubuhi moja nikasikia hodi, nikamkuta Asumini, yule mama wa vitenge wa sokoni, ameshika koleo. Akasema, "Mimi nilikula kwako siku tatu mfululizo, na wewe hukunipa kazi. Kwetu mtu hali kwa mwenzake bure, ni vibaya. Nionyeshe pa kuchimba." Nikamwambia uchaguzi umekwisha. Akasema, "Kwani nimekuja kupiga kura?" Nyuma yake walikuwa wengine kumi na wanne. Kesho yake wakawa hamsini. Wote waliokuwa wamekula, shangazi, na wengine waliokuja kwa aibu ya jirani yao. Wengine walikuwa wa Josia kabisa, wamempigia na wanasema wazi, ila walikula.

Mvua ilipopumzika tukaanza. Wao walichimba na kubeba mawe, mimi nilichomelea. Yale mabomba ya geti waliyokalia siku ya kwanza ndiyo nguzo. Imrani alitoa simenti mifuko thelathini, akaumwa kidogo siku ile, baadaye akapona. Benedikta na Doto walipika hapohapo ukingoni, na kwa kuwa kila mtu alihitaji kujua chakula kiko upande gani, Benedikta alikwenda stoo akaleta bango moja, akalifunga kwenye nguzo mbili. KULA KWA KULWA. Sahani ya ubwabwa na paja la kuku, na chini yake sufuria la maharage. Hakuna aliyecheka. Walikuwa na njaa.

Kivuko kilikamilika Alhamisi ya wiki iliyopita. Ni cha watu na baiskeli, mita ishirini na mbili, kinatikisika kidogo ukiwa na haraka. Ijumaa mheshimiwa diwani Josia alikuja na mkasi na utepe kukizindua. Alisema kivuko kilikuwa kipaumbele chake tangu akiwa mdogo. Tulimpigia makofi, maana alikuja na soda.

Mwalimu Thomasi amevuka kila siku ya shule wiki hii. Nilimwona juzi asubuhi anapita na chaki zake kwenye mfuko wa rambo, hata hakunitazama, anawahi kengele.

Kuna neno moja limebaki, na tumebishana. Bango bado liko pale kwenye nguzo. Watu wameanza kuita mahali pale Kwa-Kulwa, na abiria wa bodaboda wanasema "nishushe Kula". Imrani anataka kupanda na rangi nyeusi aigeuze ile L ya kwanza iwe R, anasema ni fedheha kwa mji, wageni watatuonaje. Benedikta anasema litolewe. Doto anasema aulizwe mwalimu. Kwa hiyo nakuuliza.

Mwanao,
Kulwa


Makambako,
16 Mei 2024

Kulwa,

Marahaba. Goti la kushoto limepona, la kulia limeanza, nafikiri yalikuwa yanasubiriana. Nancy amerudi kwenye viazi vyake na hazungumzi kitu kingine ila maharage ya Benedikta. Mpe Asumini salamu zangu. Mpe na Masalu, umwambie asione haya, walimu wakubwa wamefanya makubwa zaidi.

Umeshindwa kwa kura kumi na tisa na umejenga daraja. Josia ameshinda na amekata utepe. Sina alama ya kukupa, kalamu nyekundu imekwisha wino na sijanunua nyingine.

Nitakuja mwezi wa saba, shule zikifunguliwa. Nitalala kwenu upande wa mjini, na asubuhi nitavuka kwa miguu yangu niingie darasa la pili. Nimekwisha kumwandikia Mwalimu Thomasi kuomba kipindi kimoja. Waambie wa mkondo A waje, walio hai na wenye nafasi, na wewe ukae dawati lako la dirishani. Ni somo la dakika arobaini. Nimechelewa nalo kidogo.

Imrani usimruhusu apande na rangi yake. Bango liacheni lilivyo. Hiyo L ni yangu.

Shangazi yako,
Milembe